Sindano za Jicho Zisipokausha Uvimbe

Mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kuchomwa sindano kadhaa za jicho na bado hawezi kusoma ujumbe kwenye simu yake hukata tamaa upesi. Wengine hawarudi tena kliniki. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi bado lipo la kufanya.

Uvimbe huo uko kwenye makula, sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho; upana wake haufiki milimita 6. Ndiyo tunayosomea na kutambulia nyuso za watu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa midogo ya damu hudhoofika, hutoa vivimbe na kuvujisha maji na mafuta. Makula huvimba.

Dawa zinazochomwa ndani ya jicho, kama bevacizumab na aflibercept, huzuia VEGF, protini inayochochea uvujaji huo. Zimeokoa macho mengi. Lakini yapo macho yanayobaki na maji, na sababu mojawapo, ambayo naamini haitafutwi vya kutosha, ni kivimbe kikubwa cha mshipa, chenye upana unaozidi mikroni 150. Ukuta wake umeharibika mno, kiasi kwamba kuzuia VEGF peke yake hakutoshi.

Daktari makini huanza kukishuku anapoona mafuta ya njano yamejipanga duara kwenye retina: chanzo cha uvujaji mara nyingi kiko katikati ya duara hilo. Ili kuthibitisha, mishipa hupigwa picha kwa dawa ya rangi. Rangi ya fluoresini, inayodungwa mkononi kabla ya picha, huvuja haraka na kuufunika mshipa wenyewe. Lakini rangi ya indosianini ya kijani hushikamana na protini za damu, haitoki upesi, hivyo baada ya dakika kumi hivi kivimbe huonekana waziwazi kikiwa kimebaki na rangi.

Hapo leza huelekezwa kwenye kivimbe chenyewe. Maji hupungua polepole, kwa wiki au miezi. Kikiwa karibu mno na kitovu cha makula, leza haifai, maana huacha kovu. Daktari anaweza kubadili dawa au kutumia steroidi, akichunga presha ya jicho na mtoto wa jicho.

Kama unachomwa sindano na uvimbe haupungui, usiikimbie kliniki. Muulize daktari wako: je, mishipa ya retina yangu imeshapigwa picha kwa dawa ya rangi?