Kalima na Makali: Hesabu ya Silabi na Mchezo wa Maneno katika Ubeti Mmoja

1.0 Utangulizi

Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha E. Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wahakiki wamebishana kuhusu nafasi ya vina na mizani. Upande mmoja huviona kuwa uti wa mgongo wa shairi. Upande wa pili huviona kuwa pingu zinazombana mtunzi hata akaacha alilotaka kusema. Makala haya hayakusudii kuufufua mgogoro huo kwa ujumla wake. Yanakusudia kuchunguza jambo moja dogo: sharti la kihesabu linapounganishwa na mchezo wa maneno ndani ya ubeti mmoja, je, maana hupungua au huongezeka? Mchezo tutakaoutumia ni kinyume.

2.0 Kinyume kama kanuni ya hesabu

Kinyume ni usemi wa mafumbo uliozoeleka katika mwambao wa Afrika Mashariki. Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni. Neno la silabi mbili hupinduka lote, na likipinduliwa tena hurudi lilivyokuwa. Neno la silabi tatu huzunguka, nalo hurejea mahali pake baada ya hatua tatu: kalima huzaa makali, makali huzaa *limaka, na *limaka hurudisha kalima. Katika mzunguko huo umbo moja halina maana; mawili yanayo, na ni maana zinazotafutana, kwani kalima ni neno, na neno lina makali.

Kiswahili kinafaa kwa mchezo huu kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo silabi yoyote ya aina hiyo yaweza kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni. Kizuizi kikubwa ni nazali inayosimama peke yake kama silabi. Neno mto lina mizani miwili, m-to, lakini likipinduliwa hutoa *tom, umbo ambalo halifuati mwendo wa kawaida wa maneno ya Kiswahili. Ikumbukwe pia kwamba kinachopinduliwa ni silabi wala si herufi. Lima hupinduka kuwa mali. Anayezisoma herufi zake kinyumenyume atapata *amil tu.

Jozi za namna hii si haba: kata na taka, radi na dira, chapa na pacha, fika na kafi, kaba na baka. Hata hivyo, jozi si shairi. Ni malighafi tu.

3.0 Kuingiza jozi katika ubeti

Tuchukue tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mmoja una mizani 16 iliyogawanyika 8 katika ukwapi na 8 katika utao, yaani mizani 64 kwa ubeti. Tuongeze sharti kwamba mishororo mitatu ya mwisho ibebe kila mmoja jozi moja ya kinyume, neno moja katika ukwapi na mwenziwe katika utao. Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya:

Ndugu nisikie hili, nililopewa na mama,
Taka shauri la kweli, kata neno kwa hekima,
Radi ikiwa ni kali, dira usiache nyuma,
Ukiitamani mali, shika jembe nenda lima.

Katika mshororo wa pili na wa tatu, jozi zimekaa mwanzoni mwa vipande, mahali ambapo vina havigusi. Katika kituo, jozi imekaa mwishoni, na hapo jambo jipya hutokea. Ukwapi ukiishia kwa mali na utao kwa lima, kina cha kati hakiwezi kuwa kingine ila -li, na cha mwisho hakiwezi kuwa kingine ila -ma. Jozi moja imeamua vina vya ubeti mzima. Kwa sababu hiyo mtunzi hana budi kuanza na kituo, kisha apande juu hadi mshororo wa kwanza. Msomaji hushuka njia ambayo mtunzi ameipanda.

4.0 Idadi huruhusu, maana huchagua

Kwa kuwa kwapi zote nne zina kina kimoja na mizani sawa, na tao zote nne vivyo hivyo, kanuni za arudhi huruhusu ukwapi wowote uambatane na utao wowote. Ukwapi wa kwanza una chaguo 4, wa pili 3, wa tatu 2, wa nne 1. Jumla yake ni njia 24. Mfaransa Raymond Queneau aliifikisha mbali hesabu ya namna hii mwaka 1961, alipotunga soneti 10 ambazo mistari yake hubadilishana nafasi na kuzaa soneti 10 kwa kipeo cha 14.

Tujaribu badiliko moja: “Radi ikiwa ni kali, kata neno kwa hekima.” Mizani imetimia, vina vimetimia, hata sarufi haina kasoro. Lakini baharia ametoweka, na radi imebaki kelele tupu. Kati ya njia zote 24, ni moja tu inayohifadhi jozi zote tatu. Kwa hiyo vina na mizani peke yake vinatuachia mashairi 24 yanayolingana kwa sura; kinyume ndicho kinachotutolea moja.

Aidha, jozi hiyo haitoshi ikiwa ni ya sauti tu. Mali na lima zinafaa kwa sababu ya uhusiano wake wa kimaana: anayetaka kuifikia ya kwanza sharti aanzie kwenye ya pili. Radi humpoteza msafiri, dira humwongoza. Chapa na pacha, kwa upande mwingine, zitabaki sadfa mpaka mtunzi azipatie sababu ya kukutana.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba sharti la hesabu halilazimiki kuwa adui wa maana. Ubeti uliotimiza mizani tu waweza kubadilishwa vipande bila msomaji kuhisi hasara, na hapo wanaolalamikia pingu wana haki. Kipimo kinachopendekezwa hapa kwa walimu na wanafunzi ni rahisi: badilisha tao za ubeti, kisha usome upya. Kama hakuna kilichopotea, mtunzi alihesabu tu. Kama kimepotea kitu, kalima zake zilikuwa na makali.