Kwa nini wimbo unaonoga kwenye hedifoni hupwaya redioni?

Miezi michache iliyopita kijana mmoja, msikilizaji wetu, alitutumia wimbo wake kwa WhatsApp. Aliutengeneza wote kwenye simu, usiku, hedifoni masikioni ili asiwaamshe wenzake. Tuliusikiliza studio kwa hedifoni zetu tukaupenda: gitaa lilizunguka kichwa kizima, besi nzito. Jioni tukaupiga hewani. Yeye na familia yake walikuwa wameizunguka redio ndogo ya betri, wakasikia sauti yake, kayamba, na basi. Gitaa halikuwepo. Besi haikuwepo. Akatupigia kutuuliza tumeuharibu vipi wimbo wake.

Hatukuuharibu, lakini kosa la kutoujaribu kwanza kwenye redio ya kawaida ni letu. Na yeye si wa kwanza kupatwa na hili.

Tuanze na gitaa. Hedifoni hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila sikio hupata ya kwake. Redio nyingi za mkononi zina spika moja tu. Kituo cha FM kinaporusha muziki, sehemu kuu ya matangazo hubeba pande hizo mbili zikiwa zimejumlishwa, na redio ya spika moja hupokea jumla hiyo peke yake. Sasa, sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Kijana wetu alikuwa amewasha madoido ya kupanua gitaa, ambayo yaligeuza upande mmoja: kushoto ukisukuma, kulia unavuta. Kwenye hedifoni pande hizo hazikutani, kwa hiyo gitaa linasikika pana. Ukizijumlisha, ni moja kutoa moja. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake: jasho linawatoka, mlango hauendi popote.

Kisa cha besi ni kingine. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Ili spika itoe sauti nzito hivyo ikusikie mtu aliyekaa mbali, lazima isukume hewa nyingi, na spika ya redio ndogo au ya simu haina ubavu huo. Hedifoni nazo ni ndogo zaidi, lakini zimebana sikioni, hazina hewa ya chumba kizima ya kusukuma.

Utauliza: mbona besi ya rumba tunaisikia hata kwenye redio ya mkulima shambani? Kwa sababu uzi haupigi mtetemo mmoja. Juu ya ule wa 41 kuna wa 82, wa 123, wa 164 na kuendelea. Spika ndogo huikamata ile ya juu, na ubongo wako hujijazia wenyewe sauti nzito iliyokosekana. Besi laini ya programu ya simu mara nyingi haina hiyo mitetemo ya juu, kwa hiyo ubongo haupati pa kuanzia. Ongeza mkwaruzo kidogo kwenye besi, itaanza kusikika. Kidogo tu, maana wimbo huohuo ukifika harusini kwenye masabufa utanguruma.

Sauti ya mwimbaji nayo hudanganya. Ndani ya hedifoni hakuna pikipiki wala kuku, kila neno linasikika, hivyo watu huiacha chini mno. Mwangwi pia upime upya kwenye spika, kwa kuwa chumba huongeza wa kwake.

Tatizo hili halikuanza na simu. Miaka ya 1960 huko Detroit, Marekani, mafundi wa Motown walikuwa na mazoea ya kusikiliza nyimbo zao kwa spika ndogo kama ya redio ya gari, kwa sababu vijana wengi wangezisikia garini.

Kwa hiyo huhitaji spika za bei mbaya. Kwenye mipangilio ya simu nyingi, sehemu ya ufikivu, kuna kitufe cha kuunganisha pande mbili ziwe sauti moja, yaani mono. Kiwashe ukiwa na hedifoni zako: chombo kikipotea au kikififia sana, zima madoido yake. Kisha chukua wimbo wa msanii unayemwamini, uusikilize kwa hedifoni hizohizo, kwa sauti ya kiwango kilekile, ulinganishe na wako. Hili tunaliona kubwa kuliko yote, maana kila hedifoni ina uongo wake. Zinazoongeza besi hukufanya uweke besi haba. Zisizo na besi hukufanya uimwage. Fanya kazi kwa sauti ya chini, upumzishe masikio. Halafu weka simu mezani, ucheze wimbo kwa spika yake, nenda mlangoni usikilize.

Kijana wetu alizima yale madoido, akaongeza mkwaruzo kwenye besi na kupandisha sauti yake. Tuliupiga tena, safari hii tukiwa tumeujaribu kwenye redio ndogo ya mlinzi wetu. Gitaa lilirudi. Besi, mwenyewe anasema, bado inamsumbua.

Ukitutumia wimbo, utume kama faili la WAV, si ujumbe wa sauti, na utuandikie umeusikiliza kwenye spika zipi.