Chembe Ndani ya Seli: Yatangatanga au Yapelekwa?

Mbuzi aliyefungwa kamba hula majani yaliyozunguka kigingi chake. Mtoto achezaye uwanjani huenda huku na huko pasipo lengo. Mjumbe aliyetumwa hushika njia moja. Lakini ukizitazama hatua chache tu, waweza kukosea, kwani hata mtoto achezaye hupiga hatua tatu mfululizo upande mmoja. Wataalamu wa seli, yaani vyumba vidogo vinavyoujenga mwili, wanakabiliwa na fumbo hilo hilo.

Mwaka 1827 Mskoti Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona kwa hadubini chembe zilizotoka katika chavua zikitikisika majini bila kukoma. Alidhani ni dalili ya uhai, lakini unga wa mawe nao ukatikisika vivyo hivyo. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa chembe hizo husukumwa na molekuli za maji, na kwamba bahati hiyo ina kanuni: ili chembe ifike mbali mara mbili, kwa wastani yahitaji muda mara nne.

Ndani ya seli mna msongamano. Baadhi ya chembe hunaswa mahali pamoja. Nyingine hubebwa na protini zitembeazo juu ya nyuzi nyembamba. Virusi vya malengelenge ya mdomoni husafirishwa hivyo ndani ya mishipa ya fahamu. Kwa hiyo atafutaye namna ya kuvizuia hana budi kujua kwanza vinakwendaje.

Mwaka 2018 Vincent Briane, Charles Kervrann na Myriam Vimond wa Ufaransa walitoa kipimo. Hutazamwa umbali mkubwa kabisa ambao chembe ilifika kutoka ilipoanzia, kisha hulinganishwa na ule ambao bahati peke yake ingeweza kuuleta. Ukiwa mdogo mno, huyo ni mbuzi wa kamba. Ukiwa mkubwa mno, ni mjumbe. Ukiwa wa kati, bahati haiwezi kukanushwa.

Hata hivyo kipimo nacho hukosea. Kikiruhusiwa makosa 5 katika 100, njia 1,000 za bahati tupu zitatoa zipatazo 50 zenye jina lisilo lao. Ndiyo sababu masharti hukazwa njia zinapokuwa nyingi. Tena njia ikiwa fupi, mjumbe huonekana kama mtoto achezaye. Basi jibu la "bahati" si hukumu ya mwisho, bali ni kusema kwamba ushahidi haujatosha.