Ngitili: Ghala la majani lililoirejeshea Shinyanga miti

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa mijini huutambua ukame pale mgawo wa umeme unapoanza, kama ilivyokuwa mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, au bei ya unga inapopanda dukani. Kwa mkulima wa Usukumani, dalili ya kwanza huwa ni maksai wake. Nyasi zikiisha Septemba na Oktoba, maksai hukonda, na mvua za kwanza zinaponyesha huwa hawana nguvu ya kuvuta plau. Anayechelewa kupanda katika msimu ambao mvua hukatika mapema huenda asivune kitu.

Hapo ndipo umuhimu wa ngitili unapoonekana. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kwa muda. Mvua zinapoanza, mifugo huzuiwa kuingia humo, nyasi na machipukizi ya miti yakaachwa yakue. Kiangazi kinapokolea eneo hufunguliwa, tena si lote kwa mara moja. Mifugo hulishwa sehemu baada ya sehemu, na ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai hupewa nafasi ya kwanza. Ni ghala, isipokuwa kilichowekwa humo ni majani.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko mijadala ya leo kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na nusura upotee. Wakati wa utawala wa Waingereza, mapori makubwa ya Shinyanga yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba ikadai mashamba mapya, mifugo ikaongezeka, na operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji miaka ya 1970 ikawatenga wengi na ngitili zao. Ardhi ikabaki wazi, ikakauka mvua ilipokuwa haba na kusombwa ilipozidi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kama HASHI. Vitalu vya miche vilikuwapo, lakini kilicholeta mabadiliko makubwa ni kurudi kwenye ngitili. Visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini ilichipua yenyewe mara mifugo na mashoka vilipozuiwa. Programu ilipoanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalizidi hekta 300,000 katika mkoa huo, ambao wakati huo ulijumuisha wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilizo sasa katika Mkoa wa Simiyu.

Utafiti wa serikali na shirika la uhifadhi la IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa kuni, asali, dawa, uyoga, nyasi za kuezekea na mazao mengine ya misitu hiyo yalikuwa na thamani ya Dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa Dola 8.50. Mahindi yakikauka shambani, kaya yenye ngitili bado ina cha kuuza na cha kupikia, na akina mama hawatembei tena nusu siku kutafuta kuni.

Lakini nyasi hazijilindi. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ndiyo iliyoweka amri na faini, na sungusungu wakawa walinzi. Aliyetozwa aliwajua waliomtoza, na kesho yake walikutana kisimani. Miradi mingi ya kupanda miti nchini imekosa jambo hilo: miche hupandwa kwa ngoma na hotuba, mgeni rasmi huondoka, kisha mbuzi huja.

Faida hizo, hata hivyo, hazikugawanyika sawasawa. Karibu nusu ya ngitili zilikuwa mali ya watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye aliyenufaika zaidi. Asiye na eneo hulazimika kununua malisho kwa jirani. Wanyamapori nao walirudi pamoja na miti, fisi wakiwamo, na wenye mbuzi hawakuwashangilia.

Tatizo kubwa zaidi sasa ni urithi. Ngitili ya ekari kumi ikigawanywa kwa watoto watano, kila mmoja hupata ekari mbili, ambazo hazitoshi kulima chakula cha kaya na kubakiza malisho. Kwa hao, tegemeo linabaki kuwa ngitili za kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaviruhusu vijiji kutenga maeneo ya matumizi ya pamoja, ila kupima mipaka na kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi kunahitaji fedha na wataalamu, ambavyo vijiji vingi havina. Wakati vikisubiri, mashamba mapya yanaendelea kumega kingo za malisho hayo.