Kariakoo: Desturi Zilizozaliwa Uani

Anayeingia Kariakoo leo akitokea Mnazi Mmoja hukutana na ghorofa, mabango na mizigo. Mtaa wa Kongo umefurika madera, vitenge na viatu, na vijana wa mikokoteni wanapita katikati ya watu wakipaza sauti waachiwe njia. Ni rahisi kudhani hapa pamekuwa mahali pa kununua na kuuza tu tangu zamani. Sivyo. Kariakoo ilikuwa kwanza mahali pa kuishi. Watu walizaliwa hapa, wali wakachezwa hapa, harusi zikapigwa hapa, na wazee wakatoka hapa kwenda kuzikwa. Desturi za nyumba zao za vyumba sita ziliusaidia sana uhuru wa nchi hii, na nyumba hizo sasa zinakwisha.

Mwanzo wake haukuwa wa heri. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 eneo hili liligeuka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina la mtaa likatokana nao. Vita vilipokwisha mji ukagawanywa kwa rangi za watu: Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini. Uwanja huo uliowekwa ili kuwatenga watu ndio waliokuja kuufanya wao kuwa uwanja wa mikutano.

Nyumba yenyewe inastahili kuelezwa kwa wasiowahi kulala ndani yake. Mbele kuna baraza. Ukifungua mlango unakuta korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido unatokea uani, penye choo, bafu, stoo na jiko. Kila chumba kina wenyewe. Huyu Mzaramo wa tangu na tangu, yule Mmanyema, wa tatu Mnyamwezi aliyekuja kutafuta kazi bandarini, wa nne Mngazija na cherehani yake. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi humo humo, na si nyumba chache zilizokuwa mali ya wanawake. Baraza lilikuwa la wanaume, la kahawa, kashata, bao na ubishi wa mpira. Uani palikuwa pa wanawake, na kwa maoni yangu mambo makubwa ya mtaa yaliamuliwa zaidi huko nyuma kuliko kule mbele.

Tazama uani siku ya kuamkia shughuli. Mchele unachambuliwa kwenye nyungo, mabinti wawili wamekalia mbuzi wanakuna nazi, sufuria za kuazima zimepangwa ukutani, kila moja ina alama ya rangi chini ili irudi kwa mwenyewe. Bi mkubwa mmoja amekaa kwenye mkeka na daftari. Hapiki wala haoshi kitu. Kazi yake ni kuandika nani kaleta nini, kilo ya sukari, doti ya kanga, fedha taslimu, kwa sababu kila kilicholetwa leo kitarudishwa siku ya aliyekileta. Pembeni mtu anauliza, "Shoga, mchezo wa wiki hii ni wa nani?" na kijumbe anajibu bila kufungua karatasi yoyote. Daftari na mchezo huo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ndiyo benki waliyokuwa nayo wanawake ambao hakuna benki iliyowataka.

Msibani ilikuwa vivyo hivyo. Turubai linafungwa barabarani, mikeka inatandikwa, rambirambi inapita, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa kabila gani. Mtani wa Kinyamwezi anaweza kulizuia jeneza la Mzaramo mlangoni mpaka apozwe kwa chochote, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Watu waliotoka mbali, wasio na ukoo mjini, walijengewa ukoo kwa njia hizo.

Sanaa ilisimama juu ya misingi hiyo hiyo. Vikundi vya ngoma vya wanawake, lelemama na nyinginezo, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, ada, sare za kanga na mashindano makali ya nyimbo kati ya kundi na kundi. Mwanachama akifiwa, kundi zima linahudhuria. Wakoloni waliona wanawake wanaocheza, nao hawakuwa na sababu ya kuwahofia.

Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU, chama kilichopigania uhuru, kuundwa katika mji huu huu, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza aliwatembelea viongozi wake, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Jibu lilikuwa Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, umri wake haujatimia miaka 30, lakini alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji mzima ulimjua kwa sauti. Hakwenda kugonga milango ya watu mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma wenzake, nao wakawaita wanachama wao. Haukwisha mwaka huo wanawake wapatao 5,000 wakawa wameshajiunga. Chama hakikuwafundisha wanawake hao kukusanya ada, kutunza siri, kupeleka habari nyumba hadi nyumba kwa usiku mmoja, au kusimama pamoja bila kuulizana kabila. Walikuwa wameyazoea hayo uani. Naona historia yetu iliyoandikwa imekuwa bahili kwa hao maelfu, hata kama barabara inayopita Mnazi Mmoja leo ina jina la Bibi Titi.

Wanaume nao walikuwa na vyama vyao. Yanga ilianza mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo leo ni Simba. Hadi sasa makao yao yako Jangwani na Mtaa wa Msimbazi, karibu kiasi kwamba mashabiki husikiana kelele. Vilikuwapo vilabu vya taarabu kama Egyptian na Al-Watan, na bendi za dansi kama Dar es Salaam Jazz. Hata soko lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1975, ni kazi ya sanaa: Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayoingiza hewa na mwanga bila mashine. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na wengi tulishika vichwa.

Kisha yakaja magari ya zege. Tangu miaka ya 1990 biashara ikawa huru, kiwanja cha Kariakoo kikapanda thamani kuliko nyumba iliyokaa juu yake, na mwekezaji akaja na mkataba: nipe kiwanja, nitakupa sakafu moja au fedha. Siwalaumu wenye nyumba waliotia saini. Nyumba ya urithi yenye warithi kumi na wawili haigawanyiki, ghorofa linagawanyika. Wapangaji ndio hawakuulizwa. Wamekwenda Mbagala, Vingunguti, Gongo la Mboto, na uani umegeuka ghala la mabegi kutoka China.

Desturi hazikufa zote, na hili linanipa moyo. Mchezo unaendelea, siku hizi fedha zinatumwa kwa simu. Sare za shughuli za Mbagala bado zinachaguliwa Kariakoo. Machinga waliokutana mjini bila ndugu wameunda vikundi vya kuzikana, kwa kanuni ambazo bibi wa daftari angezitambua mara moja. Na Mei 2023 wafanyabiashara, wakilalamikia kodi na namna wanavyofuatwa na maofisa wake, walifunga maduka kwa pamoja mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza. Mkutano ulifanyika wapi? Mnazi Mmoja. Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti wakasema yao hadharani.

Lakini kuna kitu kimepotea, na Novemba 16, 2024 tuliliona hilo kwa uchungu. Ghorofa la biashara liliporomoka asubuhi na zaidi ya watu 20 wakafa. Watu wa mtaani walikimbilia kuokoa kwa nyundo na mikono mitupu, kama msiba wa nyumba ya jirani. Baadaye Rais akaagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe. Ni agizo jema. Najiuliza, hata hivyo, nani siku hizi anaona mapema kinachofanyika katika nyumba ya pili. Katika nyumba ya vyumba sita, ufa ukutani ungejadiliwa barazani kabla ya kahawa kupoa, na mwenye nyumba angefuatwa na wazee. Ghorofa lenye maduka mia moja halina mtu wa kumfuata. Mpangaji anamjua dalali, dalali anamjua wakala, na mwenye jengo hayupo.

Kwa hiyo nina maombi. Ninyi mnaotia saini mikataba ya viwanja, daini ndani yake ukumbi wa chini usiokodishwa, mahali pa mtaa kukutana, kuzikana na kucheza. Halmashauri iweke sharti hilo kwenye kibali cha ujenzi. Wanaojenga maegesho kwa amri wanaweza kujenga baraza kwa amri. Wafanyabiashara, hudhurieni mikutano ya mtaa hata kama mnalala Kimara, maana mchana wenu wote uko hapa. Na wewe msomaji uliye na bibi aliyewahi kucheza lelemama Kariakoo, mfuate wiki hii na simu yako, umrekodi nyimbo zake na majina ya wenzake aliocheza nao. Waliobaki ni wachache, na nyimbo nyingi hazikuandikwa popote.