Deti ya kokteli Kigoma: jua linazama saa ngapi, na kwenye glasi kuna nini?

Ukimwambia mtu wa Masaki, Dar es Salaam, "twende tukanywe kokteli", picha inamjia yenyewe: chumba kidogo, taa hafifu, meza ya watu wawili, muziki wa chini na mhudumu anayetikisa chombo cha chuma nyuma ya kaunta. Ukisema hivyo Kigoma utaulizwa swali moja tu: wapi?

Ukweli ni kwamba baa ndogo ya kokteli pekee si kitu kilichozoeleka mji huu. Baa nyingi ni za bia, nyama choma na spika kubwa. Ukimpeleka huko mtu mliyefahamiana wiki mbili zilizopita, mtapigiana kelele masikioni hadi muda wa kuondoka, na kila mmoja atarudi kwao bila kujua mwenzake ana ndugu wangapi.

Lakini Kigoma ina kitu ambacho baa za Dar haziwezi kukinunua: ziwa upande wa magharibi.

Tanzania nzima inatumia saa moja, ila Kigoma iko karibu nyuzi 10 za longitudo magharibi ya Dar. Kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua linalozama Dar linabaki Kigoma kwa takriban dakika 40 zaidi. Kutegemea na mwezi, linazama kati ya saa 1 kasoro kidogo na kama saa 1 na nusu usiku, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Anayetoka kazini saa 11 ana muda wa kuoga, kubadili nguo na kufika mezani saa 12 bado kukiwa na mwanga.

Sehemu za kukaa zipo. Lake Tanganyika Hotel iko ufukweni kabisa, na Kigoma Hilltop iko juu kilimani, maji yote yakiwa chini yako. Cha kufanya ni kupiga simu kabla ya kumwahidi mtu chochote. Si kila hoteli yenye mandhari inauza pombe. Kigoma na Ujiji zina Waislamu wengi, na wapo wafanyabiashara ambao kilevi hakiingii kabisa kwao.

Giza likishaingia, taa nyingine zinawaka. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki usiku, na zikiwa nyingi ziwa linaonekana kama mji unaoelea. Hapa kuna siri ndogo: mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavutwi vizuri na taa, hivyo mitumbwi inayotoka hupungua. Anayetaka kuonyesha taa hizo apange usiku wa giza. Pia aangalie kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na kipindi kama hicho taa hizo usizitegemee.

Glasi ina nini?

Kokteli ni kinywaji kilichochanganywa: kilevi, kitu chachu, kitu kitamu, na barafu. Barafu ndiyo kazi yenyewe. Inapoza, halafu inayeyuka na kupunguza ukali. Vipande vikubwa huyeyuka polepole, vidogo vinageuza glasi kuwa maji matamu ndani ya dakika chache. Kwa miaka mingi Kigoma iliendeshwa na majenereta ya dizeli kabla ya umeme wa gridi ya Taifa, na pasipo umeme wa uhakika hakuna barafu ya uhakika. Bia inavumilia friji ya kusuasua. Kokteli haivumilii. Uliza pia barafu imetengenezwa kwa maji gani, hasa kama mwenzako tumbo lake jepesi.

Kama menyu haina kokteli, omba dawa. Kinywaji hiki kilipata umaarufu kwenye mgahawa wa Carnivore, Nairobi: vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu na kijiti chenye asali cha kukorogea. Karibu kila baa inaweza kukitengeneza, na badala ya vodka ikatumia Konyagi. Asali ndiyo isikusumbue, mkoa wa Kigoma unaizalisha. Asiyekunywa pombe awekewe hivyohivyo, tangawizi ichukue nafasi ya kilevi. Glasi zinafanana, na hakuna wa kumuuliza "kwa nini hunywi?"

Swali hilo, kwa kweli, ndilo linaloharibu deti nyingi kuliko chakula kibaya.

Sasa ukali. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Ukimiminiwa mililita 60, kilevi halisi ni mililita 21. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Tofauti si kubwa, lakini bia inakaa mezani nusu saa, wakati dawa tamu inaisha kwa dakika 10 kwa sababu ulimi unaona ndimu na asali tu. Glasi tatu za haraka ni kama bia tatu za haraka. Mhudumu akimimina kwa kukadiria, hata hesabu hii inapotea. Mwombe apime.

Kwa mwanamke anayekutana na mtu kwa mara ya kwanza, glasi itengenezwe mbele ya macho yake, na akienda msalani arudi aagize nyingine. Mwanaume mwenye nia njema hatanuna kwa hilo.

Kuna na suala la macho. Kigoma ni mji mdogo: anayekuhudumia anaweza kuwa jirani wa shangazi yako Ujiji, na habari ikafika nyumbani kabla yenu. Wapo wanaochagua meza ya kona. Wengine wanakaa katikati mchana, na soda, ili kusiwe na cha kusimulia. Hiyo ya pili inafanya kazi zaidi, ingawa machweo mtayakosa.

Na usafiri wa kurudi upangwe mapema, namba ya dereva wa bajaji mnayemwamini ikiwa kwenye simu zote mbili.