Herufi L na H

Leo tutasoma herufi mbili, L na H, zilizoandikwa kwenye swichi ya vikuza sauti vingi vidogo vya mfukoni. L ni kukuza kidogo. H ni kukuza zaidi.

Hedifoni hazilingani. Nyingi za simu zina omu 16 au 32, nazo hutosheka na umeme kidogo. Lakini Sennheiser HD 600 ina omu 300. Hiyo hudai volti nyingi zaidi; kwa L huenda ikanong'ona tu.

Basi, rudisheni kifundo cha sauti chini kabisa, wekeni L, ndipo mvae hedifoni. Ongezeni polepole. Ikiwa kifundo kinakaribia mwisho na sauti bado ni hafifu, kirudisheni chini kwanza, kisha wekeni H. Msiiruke hatua hiyo! Sauti ikilipuka ghafula yaweza kuua chembe za kusikia, nazo hazioti tena.

Wengine huweka H wakidhani ni ubora. Sivyo. Mkisikia “shhh” hata muziki ukinyamaza, jaribuni L.

Kabla ya somo lijalo, tafuteni nambari ya omu kwenye boksi la hedifoni, muiandike daftarini.